Gari Linalofunga Mwaka Mzima

Hakuna mtu katika mji wa Kibondo aliyemlazimisha Dadi kununua gari. Hili lisemwe mapema, kwa sababu mwenyewe huwa analisimulia kana kwamba alitekwa.

Kilichomponza ni maneno mawili ya kwenye simu. Binti yake, Nasma, alikwisha kufungishwa ndoa msikitini na Abdalah, kijana wa Kasulu, watu wakala pilau, wakalisema pilau lenyewe, wakatawanyika. Kilichobaki ni kumpeleka bibi harusi kwa mumewe. Ndipo Nurudini, baba mdogo wa bwana harusi, muuza saruji na mabati mjini Kasulu, mtu mwenye ndugu Tanga na gari jeupe linalochukua barabara nzima, akapiga simu. Hakutukana. Laiti angetukana! Alizungumza kwa sauti ya asali.

"Mkwe wangu, wewe usihangaike. Tutaleta gari letu kumchukua mtoto. Tunajua hali."

Tunajua hali. Dadi aliyatafuna maneno hayo mchana kutwa kama mtu aliyeuziwa nyama ya fahali mzee.

"Hali gani?" alimuuliza mkewe, Adija. "Hali gani hiyo wanayoijua?"

"Hali ya kwamba huna gari," Adija akajibu, akiendelea kuchambua maharage. "Na kweli huna. Ulitaka wajue nini?"

"Mwanangu hafuatwi kama gunia! Nasma atashuka mlangoni kwa mumewe kutoka kwenye gari la baba yake, ama sivyo mimi siyo baba yake."

"Basi nianze kumtafutia baba mwingine mapema, siku zimebaki chache."

Mtu mwenye busara angecheka, mambo yakaisha. Dadi alichukua simu, akampigia Nurudini, akamwambia asisumbuke kuleta gari, kwa maana yeye Dadi analo. Hakuwa nalo. Lakini neno likishatoka Kibondo haliulizi njia. Kufika alasiri, hata wanawake waliokuja na mihogo kutoka Mabamba walikuwa wakimpongeza, na jirani yake Felisiani, mwenye Noah ya kukodisha, alipita kwenye duka la vitenge la Dadi mara kadhaa kuulizia rangi.

Basi ikabidi gari lipatikane. Dadi aliuza pikipiki, akauza friji ya soda, akauza na mashine ya kushonea ambayo Adija alidhani iko kwa fundi. Akaenda Kasulu na fedha yake ndani ya soksi. Akaanza kuulizia magari ya petroli, akagundua kuwa fedha yake inatosha magurudumu matatu na usukani. Kila muuzaji alimpokea kwa "karibu mzee," na Dadi alipomaliza kutaja alichonacho, alimsindikiza kwa "safari njema mzee."

Akabaki mmoja, Ridhiwani, kijana mwenye miwani ya jua hata penye kivuli, aliyekaa Dar es Salaam miaka michache akarudi na maneno mengi kuliko mtaji. Kwenye uwanja wake, nyuma ya magari mengine, kilijificha kigari cha bluu, kifupi, chenye macho makubwa ya mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali darasani.

"Shikamoo mzee wangu. Wewe nimekusoma. Wewe siyo mtu wa petroli," Ridhiwani akasema.

"Marahaba. Kwa nini?"

"Petroli ni ushamba. Hii chuma ni ya umeme. Unachomeka ukutani kama simu, asubuhi unaondoka. Hainywi mafuta. Hainywi oili. Hainywi kitu."

"Hata tone?"

"Mzee, hii imefunga mwaka mzima. Ramadhani haijui, kwake kila mwezi ni Ramadhani."

Dadi, ambaye ni mtu wa dini, aliguswa. Akaingia ndani. Ridhiwani akabonyeza kitufe, kioo cha katikati kikawaka maandishi ya Kijapani, na sauti ya mwanamke, laini kama tende, ikasema maneno marefu.

"Huyo nani?"

"Huyo dada wa gari. Anakusalimia. Ukiwasha tu, anakusalimia."

Na hapo, lazima tuwe wakweli, Ridhiwani hakudanganya. Mwanamke yule alikuwa anasalimia. Ridhiwani alidanganya mahali pengine, tena bila kufungua mdomo. Dadi aliona vijiti vidogo vimepangwa pembeni ya kioo cha dereva, vinne, kimoja juu ya kingine.

"Na hivi?"

"Hiyo ndiyo afya ya betri, mzee."

Dadi akatoa simu mfukoni. Pale dukani kwake Kibondo, simu ile haijawahi kupata zaidi ya vijiti viwili vya mtandao, na hivyo viwili ni mpaka usimame juu ya kreti. Siku ilipopata vinne ilikuwa siku alipokwenda Kigoma mjini, akaongea na watu wote anaowafahamu mpaka salio likaisha.

"Vinne!" akasema, macho yakimtoka. "Mnara umejaa!"

Gari lile lilipotoka kiwandani lilikuwa na vijiti kumi na viwili. Ridhiwani alilijua hilo. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, na katika kuvaa huko dhamiri yake ikawa imekwisha kupita. "Umeona mwenyewe, mzee wangu," akasema. "Mimi sisemi kitu."

Bei ilipokubaliwa, Ridhiwani akaongeza ukarimu ambao Dadi aliusimulia kwa majivuno: gari litapelekwa Kibondo juu ya Fuso iliyokuwa inakwenda kuchukua mahindi, bure, "ili lisichoke kabla ya bibi harusi kulikalia." Likafika limefungwa kamba, matairi juu ya turubai, watu wamejaa kulitazama.

Adija alilitazama likiteremshwa kwa mbao, akazunguka nyuma, akazunguka mbele.

"Baba Nasma," akasema taratibu, "ng'ombe mzima haji sokoni amebebwa."

"Wewe ni mtu wa zamani, Mama Nasma. Hii ni heshima. Waziri anatembea kwa miguu?"

"Waziri simjui. Ng'ombe namjua."

Siku mbili gari lilikaa mbele ya duka, waya umepitishwa dirishani, likila umeme wa LUKU kama mgeni asiyejua kwamba chakula kimeletwa kwa wote. Adija aliomba umeme wa kupiga pasi gauni lake akaambiwa asubiri. Asubuhi ya safari alivaa gauni na mikunjo yake, akapanda Noah ya Felisiani pamoja na kina mama, masufuria na ngoma, wakatangulia. Alikataa katakata kupanda la bluu. Alisema mwanawe wa kike ni mmoja lakini na yeye mwenyewe pia ni mmoja.

Hivyo ndani ya gari la Dadi wakawa watatu: Dadi kwenye usukani, kofia ya vito kichwani, Nasma kiti cha nyuma, hina mikononi, mtandio wa dhahabu usoni, na dada yake Dadi, shangazi Zaitun, mwanamke mnene wa maneno machache ila yote makali, pembeni ya Nasma akishika mkoba wa manukato. Dadi aliwahi kuendesha malori ya misaada ya wakimbizi enzi zile kambi zimefurika, na alidharau kidogo gari lisilo na gia. Lakini lilipoanza kutembea, akatabasamu mpaka masikioni.

"Washa ubaridi," akajiamuru mwenyewe kwa sauti kubwa. "Bibi harusi hatoki jasho kwenye gari langu." Akafungua kiyoyozi mpaka mwisho. Akawasha taa, mchana kweupe. Akawasha redio. Hakuna kilichokuwa na swichi ambacho hakikuwaka.

Sasa ni lazima ieleweke kitu kimoja kuhusu Dadi. Pamoja na kofia ya vito na duka la vitenge, alizaliwa Gwarama, akalelewa na bibi yake, Muha wa Waha. Na salamu ya Buha, nchi yao Waha, haina haraka. Unainama, unapiga makofi polepole, unauliza habari ya nyumba, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, kisha unaanza upya kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya kuonja tu. Mtu akikusalimia ukanyamaza, umemtukana yeye, mama yake na kilima alichozaliwa.

Walikuwa wameipita njia panda ya Nduta, vilima vinaanza kupandana, gari likalia ting! na yule mwanamke wa Kijapani akaanza kuongea.

"Mwidiwe, mama," Dadi akaitikia kwa Kiha. Akaachia usukani, akapiga makofi mawili.

"Usukani!" shangazi Zaitun akapiga kelele.

"Nisimwitikie? Mtu anasalimia, nikae kama kisiki?"

Kilima cha pili, ting! Mwanamke akaongea tena, safari hii kwa maneno mengi zaidi.

"Amahoro, amahoro. Nyumbani hawajambo," Dadi akasema akiinamia kioo. "Watoto wazima. Huyu nyuma ndiye tunampeleka. Na huko Japani mvua zimenyesha?"

"Baba," Nasma akasema kutoka chini ya mtandio, "huyu alikusalimia tulipoondoka. Mbona anarudia?"

"Ndiyo adabu hiyo, mwanangu! Sisi tulidhani Waha peke yetu ndio tunaojua kusalimiana. Kumbe wapo wenzetu. Angalia, hachoki."

"Labda anakuonya."

"Anionye kwa sauti tamu hivi? Mtu akionya anafoka. Mama yako akionya, hata majirani wanaacha walichokuwa wakifanya."

Maskini Mjapani! Aliyokuwa akiyasema, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, ni kwamba umeme umepungua, tafadhali zima usivyovihitaji, na je, akutafutie mahali pa karibu pa kuchaji? Alisema kwenye kila mwinuko, kwa heshima ileile, na kwenye kila mwinuko Dadi alimpa habari za familia. Kufika Busunzu alikwisha kumweleza ukoo mzima upande wa mama na alikuwa ameanza upande wa baba.

Kisha maneno yakakoma, ikatokea picha ndogo kwenye kioo cha dereva. Picha ya kobe.

"Kobe!" Dadi akafurahi. "Mnaona? Haraka haraka haina baraka. Gari lina hekima hili."

Gari likapunguza mwendo. Likatembea kama mtu anayefuata jeneza. Baiskeli ikawapita. Mbuzi wawili wakawapita. Kisha, katikati ya mwinuko, penye migomba pande zote mbili na hakuna nyumba hata moja, likasimama bila kukohoa, bila kutikisika, kwa adabu zake zote.

Kiyoyozi nacho kikanyamaza. Joto likaingia bila kubisha hodi.

"Limefika mwisho wa hekima," shangazi Zaitun akasema.

Dadi akashuka, akafungua boneti, akashika kiuno. Yule wa baiskeli aliyewapita alikuwa amesimama mbele akiwangoja, maana barabarani sinema haziji kila siku. Alikuwa anaitwa Ndihokubwayo, mzee mkakamavu ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, naye akapata uraia na shamba la migomba. Alikuwa amebeba mikungu sita imefungwa kwa kamba nene ya katani. Akapiga makofi, akasalimia kwa kirefu, Dadi akaitikia kwa kirefu zaidi, maana shida si sababu ya kukosa adabu. Kisha Ndihokubwayo akachungulia ndani ya boneti, akachungulia sana.

"Mzee wangu, injini iko wapi?"

"Haina injini."

"Ehee! Wamekuuzia bila injini?"

"Haihitaji! Ni ya umeme!"

"Ego, ego, sawa, usikasirike," Ndihokubwayo akainua mikono. "Na baiskeli yangu haina injini. Ila mimi niliambiwa kabla ya kulipa."

Simu ya Dadi ikaita. Nurudini. Alikuwa Makere na gari lake jeupe, ametoka Kasulu kuja kuwalaki njiani, anasema, kwa mapenzi tu.

"Mko wapi, mkwe? Akina mama walishapita zamani na Noah."

"Tuko hapa, tumepumzika kidogo," Dadi akasema, akifuta jasho kwa kofia ya vito. "Bibi harusi anakunywa chai."

Shangazi Zaitun akanyoosha mkono kupitia dirishani, akamnyang'anya simu. "Nurudini, hapa hakuna chai wala kikombe! Gari limekufa, tunaiva! Tuko mbele ya Busunzu, njoo!"

Nurudini alikuja. Alikuja upesi kuliko mtu anayekuja kusaidia. Gari jeupe likasimama, likaendelea kuunguruma kwa kuridhika, naye akashuka na kanzu isiyo na mkunjo. Akalitazama lile la bluu, akamtazama Dadi, akatikisa kichwa kwa huruma ambayo ingetosha kujaza madebe.

"Mkwe, mkwe, mkwe. Si nilisema? Haya, hakuna neno. Mtoto ahamie kwangu, kuna nafasi na kuna ubaridi. Wewe utabaki na... na mali yako, tutakutumia fundi."

Mambo yakawa hapo. Dadi alitazama barabara, akaiona Kasulu yote tangu sasa: Nasma anashuka kwenye gari jeupe, vigelegele vinapigwa, na mtu mmoja anauliza baba wa binti yuko wapi, mwingine anajibu yuko Busunzu analinda kigari. Hadithi hiyo ingefika Kibondo kabla yake. Felisiani angeibandika kwenye Noah. Lakini akamtazama na mwanawe, hina imeanza kulowa jasho, wanja unateremka shavuni, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya asali aliona kwamba siku hii haikuwa yake.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda na baba yako mdogo. Mumeo anangoja."

Nasma hakusogea.

"Sishuki," akasema.

"Nasma!"

"Nimetoka kwetu kwenye gari la baba, nitashukia kwa mume wangu kwenye gari la baba. Hata likifika kesho." Akafunua mtandio kidogo, akamtazama Nurudini kwa macho ya Adija matupu. "Baba mdogo, shikamoo. Una kamba?"

Nurudini hakuwa na kamba. Watu wenye magari mazuri hawatembei na kamba. Aliyekuwa nayo ni Ndihokubwayo, ambaye alishusha mikungu yake yote sita majanini, akaifungua kamba, akawapa, akasema wataileta wakirudi, maana harusi ni ya watu wote na ndizi hazikimbii. Shangazi Zaitun akashuka, akaipima kamba kwa macho, akasema bibi harusi hawezi kuvutwa kama mbuzi wa mnada. Akafungua sanduku la bibi harusi, akatoa kanga mbili mpya, akaizungushia kamba yote mpaka ikapendeza kuliko gari.

"Weka gia huru," Nurudini akaagiza kutoka dirishani.

Dadi akatazama herufi zilizokuwa pale pa gia. Hakuna iliyosema huru. Akaiacha kwenye D, ambayo ndiyo aliyoizoea, akawasha kitufe ili walau taa ziwake, safari ikaanza.

Hapa wenye elimu ya umeme watasema yao, na wasio nayo watasema ni uongo, lakini gari la namna ile lina siri: ukilivuta likiwa kwenye gia, magurudumu yake yanazungusha mota, na mota inageuka jenereta, inazalisha umeme na kuusukuma kwenye betri. Kwa maneno mengine, Dadi alikuwa anakula kwa Nurudini. Kila kilometa gari jeupe lilipovuta, la bluu lilikuwa limejikaza nyuma kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano, na dizeli ya Nurudini ilikuwa ikihamia, kwa kupitia kamba ya ndizi, tumboni mwa gari linalofunga mwaka mzima.

"Umekanyaga breki?" Nurudini alipiga simu walipovuka Makere. "Mbona zito hivi?"

"Mguu wangu uko juu, wallahi."

"Basi shangazi apunguze mizigo!"

"Mzigo mwambie mkeo!" shangazi Zaitun akapaza sauti mpaka simu ikakwaruza.

Moshi mweusi ulitoka nyuma ya gari jeupe mwendo wote. Walipofika mwanzo wa mji wa Kasulu, Nurudini, ambaye asubuhi alijaza tangi mpaka shingoni, aliona mshale umelala. Akakata kona kuingia kituo cha mafuta. Pale akaanza kuzozana na kijana wa pampu kuhusu pampu zinazoiba, na tangi linalovuja, na kizazi cha siku hizi, akaingia mpaka ndani ya kiofisi kumtafuta meneja.

"Baba," Nasma akasema, "kobe ameondoka."

Dadi akatazama. Kweli, kobe hayupo. Akagusa mafuta, yaani pale ambapo kwenye magari ya watu wengine pangekuwa na mafuta, na gari likasogea mbele kwa upole. Kamba ikalegea.

Dadi hakuwa malaika. Alishuka, akaifungua kamba upande wake, akailaza chini kwa uangalifu pamoja na kanga zake, akarudi kwenye kiti. Halafu wakaondoka. Gari la umeme halivumi, halingurumi, halina mlio wa kumshtua hata njiwa; walipita nyuma ya mgongo wa Nurudini, hatua chache kutoka kwenye kanzu yake, akiwa bado anamweleza meneja kwamba yeye si mtu wa kuchezewa. Kijana wa pampu aliwaona. Alifungua mdomo, akakumbuka alivyotukanwa, akaufunga.

Na Nurudini akalipa, akapanda, hakuangalia nyuma. Mtu mkubwa haangalii nyuma. Alihisi gari limekuwa jepesi, akajua mafuta mapya ndiyo sababu. Akawasha taa za tahadhari, akaanza kupiga honi ya harusi, na akapita katikati ya mji wa Kasulu polepole, kwa heshima zote, akipunga mkono dirishani, akivuta kamba yenye kanga mbili na hakuna kingine.

Dadi alipita njia ya nyuma ya soko, akafika kwanza. Akaegesha mbele kabisa ya mlango wa ua wa wakwe zake, na hapohapo, baada ya kuvuta pumzi ya mwisho, gari likazima. Hakujali. Amefika! Amemleta mwanawe, kwenye gari lake, mbele ya gari lao. Akarekebisha kofia, akamwambia Nasma ashushe mtandio, akakaa wima akingoja vigelegele.

Ndani ya ua kulikuwa na kina mama wapatao arobaini, ngoma magotini, masikio yametegwa barabarani kusikiliza gari. Hawakusikia gari. Waliendelea kutega.

"Piga honi," shangazi Zaitun akanong'ona.

"Nipigie wakwe honi mlangoni? Mimi?" Dadi akashtuka. Bibi yake wa Gwarama angefufuka. Mkwe akifika hapigi kelele, hukaa akangoja kupokelewa. Basi wakakaa. Nzi aliingia, akatoka. Ndani mtu alisema hawa wa Kibondo wana mwendo wa konokono.

Ndipo honi ya Nurudini ikasikika kwenye kona.

Lango likafunguka kwa kishindo. Kina mama wote wakamwagika nje na ngoma, upatu na vigelegele, wakaligawa gari la bluu kama maji yanavyoligawa jiwe, nusu wakapita kulia, nusu kushoto, bila kumtazama aliyemo. Adija mwenyewe alimpita mumewe, gauni na mikunjo yake, akipiga upatu, macho yakifuata honi. Wakalizingira gari jeupe. Wakaimba. Wakafungua mlango wa nyuma, hakuna mtu. Wakafungua wa upande wa pili. Nurudini alikuwa amesimama nyuma ya gari lake, ameshika ncha ya kanga, anaiangalia.

Dadi alibaki ameshika usukani wa gari lisilokwenda, kofia ya vito wima, mdomo nusu wazi.

Wa mwisho kutoka ndani ya ua alikuwa bibi yake bwana harusi, ajuza mwenye mkongojo ambaye wenzake walimwacha nyuma kwa sababu miguu yake ilikuwa na ratiba yake. Akafika langoni, akakuta njia imezibwa. Akagonga boneti kwa mkongojo.

"We dereva! Sogeza kigari chako hapa, bibi harusi anapita!"

Dadi akafungua mdomo wote. Kusogeza hawezi, kueleza ndiyo kabisa.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Nasma akateremsha mguu mmoja wenye hina, kisha wa pili, akapiga magoti mavumbini mbele ya mkongojo, akapiga makofi taratibu kama Kiha kinavyotaka.

"Shikamoo, bibi. Bibi harusi ni mimi. Na huyu si dereva, ni baba yangu. Amenileta."

Ajuza akamtazama Nasma, akamtazama Dadi, akalitazama gari. Barabarani wale kina mama arobaini walikuwa bado wanatafuta chini ya viti vya gari jeupe. Akauegemeza mkongojo kwenye taa ya gari, akajishika kiuno, akainua uso, na kwa mdomo usio na jino hata moja akapiga kigelegele chake peke yake, chembamba, kirefu, chenye upepo mwingi, mpaka pumzi ikamwishia.

Dadi akavua kofia.